Akiba ya Masika Ipimwe kwa Sufuria

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na ndugu zangu, asanteni kwa kufika hapa Ikwiriri asubuhi hii.

Mafuriko mnayajua kuliko mimi. Aprili 2024 mto Rufiji ulipofurika, watu wa Muhoro na Chumbi walihama makwao, mashamba yakazama, na tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikaifikia pwani yetu. Wapo waliokuwa na gunia la mahindi ndani. Sasa niambieni, mama mwenye mtoto mgongoni atalibebaje gunia? Na hata likifika penye mwinuko, mahindi yanataka mashine, maharage yanataka moto wa saa mbili, na kuni zimelowa. Chakula kipo na watoto wanalala njaa. Jambo hilo linaniuma sana, ndiyo sababu nasema akiba ya dharura tuipime kwa sufuria: kila kifurushi kiwe mlo mmoja wa nyumba nzima, unaoiva haraka kwa maji na moto kidogo.

Chukueni chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyooshwa ikakauka kabisa. Iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya shamba msiiguse. Kwa watu sita, tieni mchele robo tatu ya kilo na adesi nyekundu robo kilo. Nimechagua adesi nyekundu kwa sababu zimekobolewa na kuparazwa, zinaiva pamoja na mchele, chini ya nusu saa. Mkikosa adesi, choroko za kuparaza zinafaa. Ongezeni kijiko cha chai cha chumvi, bizari kidogo, na majani ya kunde yaliyokaushwa kivulini hadi yavunjike mkononi. Jazeni mpaka shingoni, hewa isibaki, kwa maana bungua naye anahitaji hewa ili aishi. Mchele uchambueni mawe tu, msiuoshe.

Dagaa wakae kwenye chupa yao, na mafuta ya kupikia yakae peke yake. Vikichanganywa na mchele, vyote vitachacha na kunuka mapema.

Hapa kwenye ukavu naomba mnisikilize vizuri. Mchele wa kukoboa nyumbani mara nyingi bado una unyevu, na unyevu ukifungiwa huzaa ukungu. Kwenye mahindi na karanga ukungu huo huleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Kipimo chake hakina gharama. Tieni nafaka kidogo kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, mtikise, muache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisheni nafaka juani juu ya turubai. Ikianguka yote chini, fungeni.

Chupa hizi huelea, kwa hiyo hata maji yakiingia nyumbani mtaziokota. Hata hivyo zifungeni pamoja kwa kamba, mzitundike juu kwenye kenchi, mbali na panya. Kila moja iandikwe tarehe, na baada ya miezi sita ipikwe nyumbani, nyingine ijazwe. Karibu nazo wekeni ndoo yenye mfuniko: mkaa, kiberiti, sufuria, kisu, na dawa ya kutibu maji. Chupa moja inakunywa kama lita mbili na nusu za maji, basi na dumu la maji safi lihesabiwe humo.

Mwenye kichanga cha chini ya miezi sita, yeye ndiye ale kwanza na ashibe, maana mtoto anategemea ziwa lake. Aliyevuka miezi sita apondewe chakula hicho hicho, kiwe laini.

Nyuma ya ukumbi tumebandika sufuria moja tangu nilipoanza kuzungumza. Naambiwa imeiva. Njooni muonje, na chumvi ikizidi semeni, tupunguze kabla ya kujaza chupa za leo.