Aliyemkatia Mgonjwa Mkate

KATEKISTA: Tumsifu Yesu Kristo.

MAMA JUMUIYA: Milele na milele, amina. Karibu mwalimu. Na ninyi mnaotusikiliza, wa kwenye daladala na wa jikoni, karibuni.

KATEKISTA: Asante mama. Wiki iliyopita ulinipigia simu ukasema, "Mwalimu, mimi utakatifu umenipita." Naomba tuanzie hapo.

MAMA JUMUIYA: Nilisema, tena nikilia. Mama mkwe wangu huu ni mwaka wa pili yuko kitandani. Namgeuza, namwogesha, namnywesha uji. Usiku ananiita mara tatu, mara nne. Misa za asubuhi niliacha. Jumuiya yenyewe, ambayo mimi ndiye mwenyekiti, nafika kwa kubahatisha. Nikishika rozari, tendo la pili usingizi umenichukua. Nikawaza, wenzangu wanakwenda hija Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, mimi safari yangu ni chumbani na beseni.

KATEKISTA: Pole sana, mama yangu. Ulipokata simu nikamkumbuka Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Tumemzoea kwenye picha, amekumbatia msalaba na waridi. Lakini tazama maisha yake: aliingia monasteri ya Wakarmeli kule Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, na kifua kikuu kikamwondoa mwaka 1897, ana miaka 24. Miaka hiyo yote humo ndani alifua, alifagia, alihudumu sakristia.

MAMA JUMUIYA: Wasimulie ile ya bibi mgonjwa, maana ndiyo iliyoniinua.

KATEKISTA: Palikuwa na sista mzee, Sista Saint-Pierre, mgonjwa wa viungo. Kila jioni, karibu saa kumi na mbili, wenzake wakiwa kwenye sala ya kimya, ilibidi mtu aache sala ampeleke chumba cha kulia. Na bibi huyo kumridhisha ilikuwa kazi. Teresia akajitolea. Sista akitikisa saa yake ya mchanga, ujue ni twende. Unamshika mkanda kwa nyuma, mnatembea. Ukienda haraka, unataka kumwangusha. Ukipunguza mwendo, analalamika hausikii mkono wako, umemwachia. Mwisho anasema Teresia ni mdogo mno, kazi hiyo haiwezi.

MAMA JUMUIYA: Mwalimu, uliponisimulia hapo nilikaa chini. Mama mkwe wangu nikimgeuza upesi, nimemuumiza. Nikimgeuza taratibu, nimemchosha.

KATEKISTA: Wakifika mezani, anamketisha, anamkunjia mikono ya kanzu vile anavyotaka yeye. Kazi aliyopewa imeishia hapo. Lakini Teresia akaona yule bibi anahangaika kukata mkate kwa mikono ile. Hakuna aliyemwagiza. Akawa anamkatia kila jioni, na kabla ya kuondoka anampa tabasamu lake zuri kuliko yote. Baadaye akaja kujua kwamba ni tabasamu hilo lililomteka bibi, kuliko hata mkate.

MAMA JUMUIYA: Mimi kilichonishika ni kwamba aliacha sala. Wenzake wamepiga magoti, yeye anatoka. Na mimi nilikuwa nahesabu kila kutoka kwangu kuwa hasara.

KATEKISTA: Hapo na mimi nina la kukiri. Miaka mingi nimewafundisha watoto wa Kipaimara habari za watakatifu waliofunga sana na kutokewa na malaika, nikaishia hapo. Kumbe Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, katika Lumen Gentium, hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliweka sura nzima, ya tano, kusema wito wa utakatifu ni wa waamini wote, kila mtu katika hali na kazi zake. Nilikuwa naisoma naipita. Papa Fransisko naye mwaka 2018 akaandika juu ya watakatifu wa mlango wa jirani, akawataja wazazi wanaolea watoto kwa upendo mkubwa, wagonjwa, watawa wazee wasiopoteza tabasamu.

MAMA JUMUIYA: Lakini tusiwadanganye watu, mwalimu. Kuchoka peke yake si utakatifu. Kuna usiku nilimhudumia kwa kinyongo, kikombe nikakitua kwa kishindo makusudi asikie. Beseni ni lilelile, moyo haupo. Halafu kuna kuomba msaada. Nilijifanya jasiri muda mrefu. Sasa mawifi wanapokezana Jumapili, nami naenda Misa. Kuwaambia "nimeshindwa" kulinigharimu kuliko kufua mashuka.

KATEKISTA: Siku yako sasa unaisali vipi?

MAMA JUMUIYA: Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, namtolea Mungu siku nzima, pamoja na zile kelele zitakazokuja. Kengele ya saa sita ikilia parokiani, nasali Malaika wa Bwana na mwiko mkononi. Usiku akiita, kabla mguu haujagusa sakafu nasema, "Yesu, nakuja." Na kabla ya kulala nachunguza dhamiri. Siku ya kile kikombe nilimwomba Mungu msamaha, kesho yake nikamwomba na mama mwenyewe.

KATEKISTA: Ulimwomba msamaha mama mkwe?

MAMA JUMUIYA: Nilimwomba. Alinyamaza kitambo, nikadhani hakunisikia. Halafu akaniuliza, "Wewe umekula?" Tangu augue hakuwahi kuniuliza. Nikaenda nikaleta sahani yangu, tukala pamoja palepale kitandani.