Mtoto wa Desemba na Kombe la Taifa

Walimu wenzangu wa michezo, makocha, wazazi mliofika: wakubwa shikamooni, vijana habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mashindano ya taifa ya watoto, nasi hapa Mwanza tunayajua vizuri. UMITASHUMTA, michezo ya taifa ya shule za msingi, imewahi kupigwa kambi pale Chuo cha Ualimu Butimba, na wengi wenu mlikuwa na filimbi shingoni. Leo lakini nitaanzia Kanada, kwenye mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, kwa sababu kule jambo ninalotaka kulisema lilipimwa kwa tarakimu.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila upande una watu sita, kipa akiwamo, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wanagombea kisahani cha raba ngumu chenye gramu 156 hadi 170. Kwa vijana wakubwa, kumkumba mwenzako kwa bega ili umnyang'anye ni halali. Kwa hiyo kimo na uzito vina thamani kubwa kuliko hata kwenye soka. Kombe lao la taifa la klabu za chini ya miaka 18 linachezwa tangu 1979, kwa kawaida Aprili: timu sita, yaani mwenyeji na mabingwa wa kanda tano.

Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley alikwenda na mkewe, Paula, kutazama mechi ya vijana huko Lethbridge. Mama akawa anasoma kijitabu cha mechi chenye majina na tarehe za kuzaliwa, akaona Januari, Februari, Machi, zinajirudia tu. Barnsley akaenda kuchunguza. Akakuta kwamba ukichukua kundi la wachezaji bora, karibu asilimia 40 wamezaliwa Januari hadi Machi, na wale wa Oktoba hadi Desemba ni kama asilimia 10. Utafiti ukachapishwa 1985.

Sababu yake haina uchawi. Umri kule unahesabiwa kuanzia Januari mosi. Mtoto wa Januari 2 na mtoto wa Desemba 28 wanaingia kundi moja, na wakiwa na miaka tisa au kumi, tofauti ya karibu mwaka mzima inaonekana mabegani na miguuni. Kocha anachagua aliyekomaa akidhani anachagua kipaji. Huyo aliyechaguliwa anapata mwalimu mzuri zaidi, mazoezi mengi zaidi, mechi nyingi zaidi. Akifika miaka 14 amekuwa bora kweli. Kufikia kombe la taifa hakuna tena cha kubishania. Mtoto wa Desemba alishaachia magongo zamani.

Na si kwamba wa nusu ya pili ya mwaka hawawezi. Sidney Crosby, nyota mkubwa wa mchezo huu, alizaliwa Agosti 7, 1987. Kwenye kombe hilohilo la taifa mwaka 2002, akiwa na miaka 14 kati ya wakubwa zake, alitajwa mchezaji bora ingawa timu yake ilipoteza fainali. Nathan MacKinnon, nyota mwingine, ni wa Septemba 1. Hawa ndio wawili waliocheza pamoja na vijana wa Kenya, Ice Lions, walipokwenda Kanada mwaka 2018. Naam, Nairobi kuna barafu na kuna timu.

Sasa turudi nyumbani. Mchujo wetu unaanzia shuleni, unapanda kata, wilaya, mkoa, ndipo taifa. Nenda uwanja wowote wa kata, Igoma au Buhongwa, siku ya kuchagua. Watoto hamsini, mipira miwili, mwalimu mmoja, na jua linapanda. Katoto kembamba kanapokea mpira vizuri, kanainua kichwa kutafuta mwenzake, kanasukumwa kanaanguka. Mwalimu anasema, "Wewe bado mdogo, subiri mwakani." Mwakani kale katoto hakaji.

Tumezoea kupigia kelele vijeba wanaoficha umri na mamluki, na ni haki yetu. FIFA ilifikia hatua ya kupiga picha za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, kuanzia 2009, kuangalia kama mfupa umeshafunga. Lakini hata tukiwaondoa vijeba wote, kila cheti cha kuzaliwa cha RITA kikawa sahihi, mtoto wa Desemba bado ataachwa. Hili linaniuma zaidi, kwa kuwa hakuna aliyedanganya.

Wenzetu wamefanya nini? Marekani mwaka 2009 waliamua kufuta kombe la taifa la magongo ya barafuni kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini, na 2011 wakazuia kukumbana kwa umri huo. Norway, tangu 1987, wana kanuni za michezo ya watoto, na hawapeleki mtoto kwenye ubingwa wa taifa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 13. Mimi nawaunga mkono, ingawa najua wako humu ambao hawatakubali, kwa sababu UMITASHUMTA ndiyo safari ya kwanza ya watoto wengi kutoka nje ya wilaya yao. Hoja hiyo naiheshimu.

Basi tufanye lililo mikononi mwetu. Uholanzi, katika utafiti uliotoka 2017, wasaka vipaji wa soka walionyeshwa mechi ya vijana. Kupewa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi hakukuwasaidia. Waliendelea kuwapenda wakubwa. Jezi zilipopangwa kwa umri, namba ndogo kwa mkubwa na namba kubwa kwa mdogo, nao wakijua hivyo, upendeleo ule ukatoweka. Tarehe zimo kwenye rejesta ya shule. Mchujo ujao wa kata, mwalimu akae na rejesta jioni ya kabla, apange jezi namba moja hadi ya mwisho, na kila anayechagua aelezwe namba zina maana gani kabla filimbi haijalia.

Nakaribisha maswali, tuanze na walimu wa Ukerewe, maana wanawahi kivuko.