Ilikufaje? Kufufua chenso kwa spea za mashine zilizokufa

Shikamooni wazee wetu. Mafundi wenzangu na vijana mlioko nyuma, hamjambo.

Leo ni zamu ya msumeno wa mnyororo, chenso kama tunavyoiita, na namna ya kuifufua kwa spea zilizonyofolewa kwenye mashine nyingine. Hapa Mwanza kazi hii haikauki. Wapasua mbao wa Sengerema na Geita wanaihitaji, wajenzi wa mitumbwi wa Igombe na Kayenze vilevile. Mtu wa Ukerewe mashine ikimfia anavuka nayo ziwa, na hataki kuvuka tena wiki ijayo kwa ugonjwa uleule.

Lakini ndivyo inavyotokea. Fundi anaona pistoni imekwaruzika, ananyofoa pistoni na silinda kwenye mashine ya pili, anafunga, inawaka, mteja analipa. Matenki mawili baadaye imenoki. Kilichoiua kilibaki ndani. Kwa hiyo kabla ya kugusa spea, jibu swali moja: ilikufaje? Na uliulize mara mbili, maana hata ile unayoinyofoa ilikufa kwa jambo fulani.

Pistoni yenyewe itakwambia. Fungua eksozi, umulike tundu lake kwa tochi. Kisha toa kabureta, umulike upande wa pili. Mikwaruzo ikiwa upande wa eksozi tu, hilo ni joto: mafuta yalikuwa machache kuliko hewa, mara nyingi kwa sababu kuna mahali inavuta hewa ya wizi, yaani isiyopita kwenye kabureta. Ikiwa upande wa kabureta, na pistoni ina rangi ya kijivu iliyofifia, uchafu umepita kwenye chujio. Mchanga laini wa ufukweni unafanya kazi hiyo vizuri sana. Ikiwa imekwaruzika pande zote, fikiria oili kwanza.

Nikae kidogo kwenye oili, maana hapa ziwani tuna tatizo letu wenyewe. Mwenye mtumbwi ana dumu la mchanganyiko wa injini ya boti, anachota humo na kumimina kwenye chenso. Oili ya boti chupa yake imeandikwa TC-W3. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Chenso inapozwa na upepo wa flaiwili (gurudumu la injini lenye mapanga) peke yake, silinda yake inachemka zaidi, na oili ile haihimili. Ringi zinaganda kwenye mifereji yake, joto la moshi linapita pembeni, pistoni inaungua. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au FD, alama za oili ya injini za namna ya chenso. Kipimo ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5. Kama huna uhakika na ubora wa oili, weka mililita 40 kwa lita.

Sasa spea. Usinunue kwa kusoma stika, pima kwa venia kalipa. Chukua kipenyo cha silinda kwa sentimita, zidisha kwa kipenyo tena, zidisha kwa 0.785, kisha kwa mwendo wa pistoni, nao kwa sentimita. Jibu ni ujazo wa silinda kwa sisi (cc). Stihl MS 381 ina kipenyo cha milimita 52 na mwendo wa 34: utapata sisi 72.2. Ile 070 kongwe ni 58 kwa 40: sisi 105.6. Hesabu ikikataa, umeuziwa kitu kingine.

Mashikio, tenki, kifuniko cha kamba, koili, bodi ya kabureta: hivi nyofoa bila wasiwasi. Flaiwili pia, ila angalia ile kabari yake ya katikati. Ikiwa imelika, moto wa plagi utakuja wakati usio wake.

Kasha la kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ni habari nyingine. Nusu zake mbili zilichongwa pamoja kiwandani ili mashimo ya beringi yawe kwenye mstari mmoja. Ukichukua nusu ya mashine hii na nusu ya ile, hata kama ni modeli moja, kranki inakaa upande na beringi zinakwisha mapema. Chukua kasha zima au acha. Na kasha lile ni magnesiamu, chenga zake zinashika moto, na moto huo ukimwagiwa maji unalipuka zaidi. Weka mchanga mkavu karibu unapolitoboa.

Silinda iliyokwaruzika si lazima itupwe. Nyingi zina koti gumu la nikeli au kromu, na kile unachokiona ni alumini ya pistoni iliyogandia juu yake. Vaa glavu na miwani, kaa nje penye upepo, paka asidi ya haidrokloriki kwa kijiti chenye pamba juu ya alumini tu, na iwe silinda ya koti la nikeli, maana asidi hii inakula kromu. Itatoa povu. Futa, rudia, ikiacha kutoa povu suuza kwa maji mengi, kausha, paka oili. Usiipeleke kwenye matundu wala mahali koti limebanduka, maana silinda yenyewe ni alumini na italiwa. Kisha pitisha ukucha. Ukikwama, hiyo ni chuma chakavu. Ikipita laini, funga pistoni mpya.

Kuna vitu haviokotwi kabisa: oili sili (mipira inayoziba kando ya kranki), gasketi, mpira wa mafuta, diafragmu ya kabureta, na klipu za pini ya pistoni. Klipu ya zamani imeshalegea. Ikichomoka inachana silinda uliyoihangaikia siku nzima. Iweke mdomo wake ukitazama juu au chini, kamwe pembeni. Mshale wa pistoni uelekee eksozi.

Klachi ina nyuzi za kinyume, inafunguka kwa kuzungusha kulia. Kuzuia pistoni, ingiza kamba kwenye tundu la plagi baada ya pistoni kupita tundu la eksozi, isije ikabanwa pale. Koili iache nafasi ya milimita 0.25 na flaiwili, plagi milimita 0.5.

Hapa ndipo wengi wanaruka hatua. Ziba kabureta na eksozi kwa vipande vya mpira, kisha sukuma hewa hadi bar 0.5. Sindano ya geji isishuke kwa sekunde 20. Ikishuka, paka maji ya sabuni utafute povu. Geji na balbu ya kupimia presha ya damu inafika milimita 300 za zebaki, karibu bar 0.4, inatosha kuanzia. Kisha vuta hewa kwa kiasi hichohicho. Ni lazima ufanye vyote viwili: mdomo wa sili umetazama ndani, ukisukumwa unabana, ukivutwa unaachia. Sili mbovu inaweza kufaulu mtihani wa kwanza na kufeli wa pili, na hiyo ndiyo hewa ya wizi iliyoua pistoni.

Kabureta: kwa nyingi, anza na skrubu za mafuta, L (ya mwendo mdogo) na H (ya kasi), zikiwa wazi mzunguko mmoja kutoka kufungwa. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Mashine iliyopangwa Dar es Salaam huku itatoa moshi na kukosa nguvu. Iliyopangwa huku ikishuka pwani itakosa mafuta na kuungua, kwa hiyo mwambie mteja. Ukibana mafuta yote bila mzigo, sauti iwe na kigugumizi, na kigugumizi kiishe mnyororo ukiingia kwenye gogo. Ikilia nyembamba kama filimbi, fungua H kidogo kidogo.

Breki ya mnyororo ijaribiwe mashine ikiwa kasi: sukuma ngao mbele, mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, mashine haitoki kibandani. Tenki la kwanza kata matawi na magogo membamba, usiiache ikilia kwa kasi bila mzigo. Ikipoa, kaza tena boliti za silinda na za eksozi, kisha chomoa plagi uitazame: kahawia ni sawa, nyeupe rudi kwenye kutafuta hewa.