Mama na Mizani ya Mwani

Assalaam alaykum. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa huko nyuma. Leo ni arobaini ya mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami nimeombwa nimzungumze. Nitaanzia pwani, maana hapa Jambiani huko ndiko mlikomjulia wengi wenu.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino. Wanaume wengi waliidharau kazi ile: kupigilia vigingi, kufunga mbegu kambani kwa taitai, zile nyuzi fupi, kisha kungoja kama wiki sita. Mama aliingia mapema. Baba alikuwa mvuvi, na siku dema, mtego wake wa samaki, liliporudi tupu, jiko letu halikuwashwa.

Jioni tulifungia mbegu uani. Mwenye kitabu cha skuli anasoma kwa sauti, wengine tunafunga. Mama hakupata kusoma hata siku moja, lakini ukiruka mstari anakwambia, "Rudi nyuma, hapo hapajakaa sawa."

Siku moja mnunuzi alimpimia gunia akamtajia kilo. Mama hakuridhika. Akalibeba lile gunia kichwani mpaka kwenye mizani ya dukani, na kilo zikawa nyingi kuliko alizotajiwa. Alirudi kimya. Usiku ule akanitaka nimwandikie tarakimu ukutani kwa mkaa. Nilikuwa darasa la tatu. Haikupita miezi miwili akawa anasimama mbele ya mizani anasoma mwenyewe, na wenzake wanamwita awasomee.

Kwa ninavyoona mimi, nyumba yetu ilibadilika hapo, hata kabla pesa hazijaongezeka. Baba alianza kumuuliza. Ngalawa iuzwe au itengenezwe? Dada aolewe au amalize skuli? Mama alisema amalize. Dada alimaliza, na leo ni mkunga. Baadhi yenu watoto wenu wamepita mikononi mwake.

Baadaye bahari ikapata joto. Kotoni, mwani wenye bei, ukawa unaoza kambani, tukabaki na spinosamu ya bei ndogo. Wengi waliacha. Yeye aliendelea mpaka miguu ilipokataa.

Mwezi wake wa mwisho hakutoka kitandani. Kila asubuhi ya bamvua, zile siku maji yanapotoka mbali tukashuka kwenye mwani, aliniuliza, "Maji yashatoka?" Nachungulia dirishani, namwambia yametoka. Anaitaka kanga yake ya kazi. Namfunga kiunoni, analala nayo mpaka maji yajae.