Siku ya Kushuka Mlimani: Mhadhara kuhusu Uchumi wa Mji wa Kilembe

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mnaobeba mizigo ya wageni mlimani, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie Kilembe, mji wetu wa magharibi mwa Uganda chini ya milima ya Rwenzori, na nimeona afadhali niizungumzie kama mji wa watu wanaotafuta riziki, kwa kuwa sifa za mandhari yake zimekwisha kuimbwa na kila mchapishaji wa kalenda.

Historia yake mnaijua. Mgodi wa shaba ulianza uzalishaji mwaka 1956, wakati uleule reli kutoka Kampala ilipofika mji jirani wa Kasese, na shaba ikawa inapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Kampuni ndiyo iliyojenga nyumba za wafanyakazi, hospitali na barabara, hivyo uchimbaji uliposimama mwaka 1982, mji haukupoteza ajira tu, bali ulimpoteza aliyekuwa akiziba mapaa na kufagia mifereji. Mwaka 2013 serikali iliukodisha mgodi kwa kampuni ya Kichina, na baada ya miaka michache mkataba huo ukavunjwa. Mwaka huohuo wa 2013, mwezi Mei, mto Nyamwamba ulifurika na kusomba nyumba. Mei 2020 ukarudi na kuiharibu vibaya hospitali.

Umebaki mlima. Kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, kina mita 5,109, na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori imo katika urithi wa dunia tangu 1994. Njia mojawapo ya kukifikia huanzia hapa Kilembe, ikifuata bonde la Nyamwamba kupitia msitu wa mianzi hadi kwenye vinamasi vya lobelia, ile mimea mirefu ya mlimani, na safari ya kwenda na kurudi huchukua takribani juma moja. Wengi husema kwamba utalii utachukua nafasi ya shaba. Mimi nina shaka, kwa sababu utalii nao huweza kufungwa: kati ya 1997 na 2001 hifadhi hii haikupokea wageni kutokana na vita vya waasi, na wapagazi wakarudi kulima mihogo.

Hata wakati wa amani, fedha hazilali hapa. Sheria inaagiza asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini irudi kwa jamii zinazopakana nayo, lakini hiyo ni sehemu ya ada ya lango peke yake, na wapanda mlima si wengi. Fedha nyingine hubaki kwa anayempa mgeni kitanda, chakula na usafiri. Naomba tuitazame siku ya kushuka. Mgeni anafika jioni akiwa amelowa, gambuti zimejaa tope, magoti yanauma, na anachokitamani ni maji ya moto, mtu wa kumfulia nguo, na sahani ya bundu na sombe, yaani ugali wa mihogo na kisamvu, ambayo kwa maoni yangu inashinda tambi zote alizopikiwa kambini. Ni saa ambayo mtu hutoa fedha bila kuhesabu. Lakini mara nyingi gari linamsubiri, na usiku huohuo analala Fort Portal au karibu na Hifadhi ya Malkia Elizabeth, huku mpagazi wake akienda nyumbani na ujira wa siku zake tu.

Usiku huo mmoja ndio ningeupigania kabla ya kuomba hoteli kubwa. Vitanda vingeweza kupatikana katika nyumba za zamani za mgodi zilizo juu, mbali na mkondo wa mto, lakini nyumba hizo ni mali ya kampuni ya migodi ambayo karibu hisa zake zote ni za serikali, na hakuna mpangaji mwenye akili atakayeweka tangi la maji ya moto katika nyumba anayoweza kuondolewa mwakani. Kwa hiyo viongozi wetu wanapokwenda Kampala kuzungumzia shaba, nawaomba wadai pia mikataba mirefu ya upangaji kwa nyumba hizo, na kando yake ahadi ya maandishi kwamba mawe yaliyoujaza mkondo wa Nyamwamba yataondolewa kila mwaka kabla ya mvua za Machi.