Huyu kipepeo wa Mabira, hesabu miguu kwanza

Haya jamani, sogeeni mbele, mvua kwenye mabati haya itawanyima kusikia. Leo ni kipepeo mmoja tu. Kwa Kiganda ni ekiwojjolo kama wenzake wote, kwenye vitabu ni Papilio dardanus, na hapa kwenye msitu wa Mabira, Uganda, jua likishawaka dume utamkuta kwenye tope la njiani ananyonya chumvi, njano iliyopauka, ukingo mweusi, mabawa ya nyuma yana mikia. Huyo hasumbui.

Jike ndio kazi. Jike wa huku hana mkia, hafanani na dume hata kidogo, na majike wenyewe kwa wenyewe hawafanani, huyu mweusi na mabaka meupe, yule ana rangi ya chungwa, na wote wanaweza kuwa watoto wa mama mmoja! Wataalamu waliwapa majina tofauti kama spishi tofauti mpaka Roland Trimen wa kule Afrika Kusini akaonyesha mwaka 1869 kwamba ni wamoja.

Sasa kwa nini? Kuna vipepeo wenye sumu, kama Amauris niavius, mweusi na mweupe, ndege akimwonja mara moja anakoma. Jike wa dardanus hana sumu, anajistiri kwa rangi za yule mwenye sumu. Lakini waigaji wakizidi, ndege anaokota watamu wengi kuliko wachungu, uoga unamtoka, anakula tu, kwa hiyo anayeiga sura ambayo bado haijajaa ndiye anayepona na kutaga, na ndio maana sura zimekuwa nyingi. Mimi nimezunguka msitu huu miaka, sijaona kitu kizuri kushinda hicho.

Kumtofautisha? Akitua hesabu miguu. Amauris anasimama kwa minne, miwili ya mbele ni midogo sana ameikunja kifuani, dardanus anasimama kwa yote sita. Kichwa na kifua cha Amauris kina vidoa vyeupe, na dardanus akiwa kwenye ua mabawa yanatetemeka tu hayatulii. Kwa hiyo picha ya juu peke yake haitoshi, tafadhali pigeni na ya ubavuni.

Kiwavi wake anakula miti ya ukoo wa mchungwa, huku porini kama Teclea, akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege, akikua ukimgusa anachomoa vipembe laini vyenye harufu kali. Teclea ndiyo hiyohiyo tunayokata mipini ya majembe, nawaomba sana tusiimalize, ikiisha huyu atapungukiwa pa kutaga.

Mvua imekata, twendeni kwenye tope.