Injini Imelazwa Njiani

Wazee wangu, na nyinyi vijana wa Jinja, karibuni mbele. Leo nawaeleza treni inayoelea kwa sumaku bila kugusa reli. Sumaku hizi mbili nimezing'oa kwenye spika mbovu za redio. Nikizikabilisha hivi zinasukumana. Sasa naiachia ya juu... imepinduka, imenasa kwa mwenzake! Msilaumu mkono wangu. Mwaka 1842 Mwingereza Samuel Earnshaw alithibitisha kwamba sumaku za namna hii, zikiachwa zenyewe, haziwezi kuelea zikatulia.

Mjerumani Hermann Kemper, aliyepata hataza (haki ya uvumbuzi) ya treni ya kuelea mwaka 1934, alitumia sumaku za umeme. Treni ya Kijerumani iliyotokana na njia hiyo ina mikono inayokumbatia reli hadi chini yake, na sumaku zilizomo zinavuta kwenda juu. Zikizidisha, zinanasa, zikilegea, treni inaanguka. Basi vipimo vinalinda mwanya wa milimita kama 10, umeme ukiongezwa na kupunguzwa bila kupumzika.

Njia ya pili ilianzia kwenye jam. Mmarekani James Powell alikwama darajani New York, akawaza. Nyinyi wa barabara ya Mukono mngekuwa mmeshavumbua ndege! Mwaka 1966 yeye na Gordon Danby walitoa pendekezo lao: koili, yaani nyaya zilizoviringwa, ziwekwe kwenye treni na zipoozwe kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Zikipita mbio kando ya koili za ukutani, zinaamsha umeme humo, na umeme huo unainyanyua treni. Ikienda polepole haielei, ndiyo maana ile ya Wajapani huanza kwa magurudumu ya mpira hadi kama kilomita 150 kwa saa. Mwaka 2015 ilifika 603.

Lakini nani anaisukuma? Chukua mota ya mashine ya kusaga posho, ipasue, itandaze kama mkeka kutoka hapa mpaka Kampala. Ndiyo hiyo. Injini imelazwa njiani, na kila kilomita inadai nyaya zake. Shanghai, China, ambako treni ya aina ile ya Kijerumani ilianza huduma ya kibiashara mwaka 2004, njia ni kilomita 30 tu.

Naam, mzee pale nyuma? Umeme ukikatika! Nililingoja swali hilo. Ya Shanghai ina betri za kuishikilia mpaka itue. Ya Japani, umeme ulioingizwa kwenye koili zile za baridi huendelea kuzunguka wenyewe, hivyo treni inabaki inaelea, mwendo unapungua, halafu inashukia magurudumu yake.